Mshipa wa Kushoto na Dirisha la Mama

Shughuli nzima ilinigharimu majogoo kumi na sita, kuku wawili wa mayai, na kioo kimoja cha dirisha ambacho hadi ninapoandika haya kimeegemea ukuta wa mama yangu kule Khayega na hakijazuia hata tone moja la mvua. Nimehesabu mara mbili. Natumia hesabu ya kuku kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Nanunua kuku wa kienyeji Mumias na Mayoni, nawauza Kakamega mjini, na mtu akinitajia bei ya kitu chochote, kiwe kitanda au karo ya shule, bei hiyo huota mabawa kichwani mwangu kabla sijamjibu.

Kichwa hicho hicho ndicho kilichonipeleka kwa daktari. Kilianza kuuma kidogo, nikakipa vidonge vya dukani, asubuhi na jioni. Kikazoea kama mbwa anayelishwa na jirani, kikawa kinakuja mapema kuliko chakula chenyewe. Kisha ikaja sauti. Nikilalia sikio la kulia nilisikia shuu, shuu, shuu, kama mtu anayefagia uwanja bila haraka. Nilimwambia mume wangu asikilize. Akaweka sikio lake juu ya langu, akasema anachosikia yeye ni njaa.

Daktari alikuwa mama kijana mwenye mikono ya baridi. Alinimulika machoni kwa kurunzi ndogo, akanipima presha, akauliza natumia dawa gani. Nikamtajia vidonge vya kichwa. Akauliza nyingine. Nikamtajia za kupanga uzazi, kwa sauti ya chini, maana mlango ulikuwa wazi na foleni ya nje ilikuwa na wateja wangu.

"Hizo za uzazi," akasema, "kwa watu wachache hufanya damu igande mahali isipotakiwa. Wewe una maumivu yaliyobadilika, na una sauti ya sikio. Nataka kuona mishipa inayotoa damu kwenye ubongo."

"Inaitoa kuipeleka wapi?"

"Inairudisha kwenye moyo. Damu hupanda kwa mishipa mingine, ikimaliza kazi hushuka kwa hii. Hii ikiziba, damu inapanda na haina pa kushukia."

Nikaufikiria mtaro wa sokoni kwetu, mvua ya alasiri ikiupata umejaa maganda ya miwa. Sikuhitaji maelezo zaidi, lakini nilishalipa pesa ya kumwona daktari, kwa hiyo nikaendelea kuuliza. Akaniambia kwamba mshipa ukiwa umeziba na ukaachwa hivyo, mtu anaweza kupoteza macho, au zaidi ya macho. Ukipatikana mapema unatibika: sindano za tumboni kwanza, halafu vidonge vya kulainisha damu kwa miezi kadhaa.

"Na wakati huo wote, mama, hakuna kisu. Hakuna pikipiki. Ukijikata utavuja sana."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa dhati. Mimi huchinja. Mteja wa mjini siku hizi hataki kuku anayemtazama. Anamtaka amenyonyolewa, amefungwa kwenye karatasi. Na kuku wa Mayoni hawaji Kakamega kwa miguu yao, nawafuata kwa pikipiki. Ukiniondolea kisu na pikipiki, kinachobaki ni mwanamke aliyeketi sokoni akisifu kuku wa wenzake. Nikafikiria pia macho, lakini hilo nililifikiria kwa upande, jinsi mtu anavyotazama jua.

Kituo cha picha kiko mjini, ghorofa ya chini, na mlangoni kuna msichana wa malipo aliyezaliwa bila sikio la maombi. Alinitajia bei. Nikamwomba airudie, si kwa kutosikia.

"Hiyo ni ya nini na nini?"

"Ubongo na mishipa, madam."

"Ubongo sina shida nao. Nipigie mishipa peke yake."

"Mishipa iko kwa ubongo, madam."

"Naelewa. Hata utumbo uko kwa kuku, lakini huuzwa peke yake."

"Sisi hatuuzi vipande."

Tulienda hivyo mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuchangia, mmoja upande wangu, wawili upande wake. Mwishowe alinipunguzia kidogo sana, kiasi cha shingo na miguu, nikakubali kwa uso wa mtu aliyeibiwa. Nje ya mlango nikatabasamu. Nilikuwa tayari kulipa bei ya kwanza.

Ndani, kijana wa mashine aliniambia hiyo ni sumaku kubwa, kwa hiyo nitoe kila chuma. Nikatoa pini za nywele, mkufu wa dhahabu bandia wa shingoni, na saa. Akaangalia kiunoni.

"Na hiyo, mama?"

Hiyo ilikuwa pochi ya mauzo, ambayo hulala nami, na mume wangu ameshazoea. Ina zipu. Kijana akasema zipu ni chuma. Nikamwambia basi tuiweke kwenye kabati na ufunguo nikae nao. Akasema ufunguo pia ni chuma. Tukatazamana. Akafunga kabati, akauweka ufunguo dirishani, upande wa pili wa kioo, mahali nilipoweza kuuona kwa kugeuza jicho.

"Utaona ufunguo mpaka nikuingize ndani," akasema. "Ukishaingia, itabidi uniamini."

"Hapo ndipo bei ilitakiwa kushuka," nikamwambia.

Kule ndani ni kama kulala kwenye mtungi huku kinu cha kusagia mahindi kikizunguka juu ya paji la uso. Kinagonga, kinanyamaza, kinabadilisha mdundo, kinagonga tena. Kijana alikuwa ameniziba masikio na kunionya nisitikisike. Nikalala kama kuku aliyefungwa miguu, ambaye ameacha kupigana lakini anajua kila kinachoendelea. Kati ya kugonga na kugonga kwa ile mashine, shuu yangu ilikuwa bado ipo, inafagia.

Siku hiyo nilikuwa na bahati. Daktari wa kusoma picha, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, huzunguka miji mingi na alikuwepo. Akanikaribisha nikae karibu na skrini, jambo ambalo lilinitisha kuliko mashine. Watu wenye habari njema hukuambia ukiwa umesimama.

Picha ilikuwa nyeupe juu ya weusi. Ukitaka kujua ilivyofanana, ng'oa shina la muhogo, lioshe, uliangike gizani ulimulike. Mshipa mmoja mnene ulipita juu ya kichwa katikati, kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, ukipokea mishipa midogo kutoka pande zote kama barabara inavyopokea vichochoro. Kisogoni uligawanyika. Wa kulia ulipinda nyuma ya sikio, mpana, umejaa, ukateremka kuelekea shingoni.

"Na wa kushoto?" nikauliza.

Akaweka kalamu yake kwenye skrini. Kulikuwa na kitu kama uzi. Kilianza, kikafifia, kikapotea.

Nikahesabu. Wa kulia, mmoja. Nikarudia kutoka upande mwingine. Mara zote mbili nikapata mmoja.

"Daktari, mimi nimelipia pande mbili."

Hakucheka, akageuza kiti tukaangaliana. "Kuna mambo mawili. Ama mshipa huu ulikuwepo na umeziba, ama ulizaliwa nao mwembamba hivi. Watu wengi wana upande mmoja mdogo, mara nyingi wa kushoto, na wanaishi wakazeeka bila kujua. Picha hii huona damu inayokimbia. Ikipita polepole, haiioni vizuri."

"Kama askari wa barabarani."

"Kama askari wa barabarani," akakubali. "Kwenye picha zako nyingine sioni donge la damu. Lakini sipendi kukisia juu ya kichwa cha mtu. Tunaweza kurudia na dawa ya kung'arisha mishipa, nafasi ipo wiki ijayo, na malipo ni mapya. Au." Akavua miwani. "Umewahi kupigwa picha ya kichwa zamani? Hata ile ya kawaida?"

Niliwahi. Miaka ya nyuma pikipiki ilitulaza kwenye tope la Mayoni, mimi, dereva na tenga zima la kuku. Kuku walisimama kabla yetu. Nilipigwa picha ya kichwa ya ile mashine ya duara, nikaambiwa fuvu ni zima, nikaona pesa yangu imepotea bure.

"Basi hiyo ndiyo ninayoitaka," akasema. "Mshipa huu hulala kwenye mfereji wa mfupa, ndani ya fuvu. Mshipa unaweza kuziba leo. Mfupa hauwezi kujifinya kwa wiki moja. Kama mfereji wa kushoto ni mwembamba kwenye picha ya zamani, na tundu la mfupa unapotokea nalo ni dogo, mshipa ulikuwa hivyo tangu zamani. Kama mfereji ni mpana na leo mshipa hauonekani, hapo nina kesi nyingine na sitasubiri wiki ijayo. Unayo?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Iko dirishani," nikasema.

Akaivaa tena miwani yake. Kisha akaniambia yuko hapo mpaka kesho saa sita mchana, baada ya hapo anaondoka, na kwamba macho yakiingia ukungu au mkono ukilegea, nikimbilie hospitali, nisimsubiri yeye wala mtu yeyote.

Niseme jinsi kichwa changu kilivyofika dirishani. Baada ya ile ajali nilipelekwa kwa mama nipone, na picha ikaja nami kwenye bahasha yake kubwa. Siku moja, fahali wa jirani alimshinda fahali wa kijiji kingine kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, na ukifika Khayega siku kama hiyo utajua hakuna uzio unaoheshimiwa. Msafara wa washangiliaji ulipita uani kwa mama na ngoma, matawi na fimbo. Kwenye kona, watu wote waligeuka isipokuwa fimbo moja. Kioo cha dirisha la jikoni kikavunjika. Mwenye fahali akaahidi kulipa, na bado anaahidi. Mama, ambaye hawezi kuona kitu kizuri kikikaa bure, akachukua ile picha, akaikata kona kidogo, akaipigilia dirishani. Inapitisha mwanga, haipitishi maji. Ukipika pale unatazamwa na vichwa vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu kama mayai kwenye trei, kila kimoja kipande cha kichwa changu. Wale wa picha za zamani, kumbe, walikuwa wanauza vipande.

Nilifika kwa mama mchana huo huo. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, mgongo kwa mlango.

"Mama, nimekuja kuchukua picha."

"Picha gani?"

"Hiyo ya dirisha."

Hakugeuka. "Hiyo si picha. Hiyo ni dirisha."

Nikamweleza yote, mshipa, mfereji, daktari anayeondoka kesho. Alisikiliza mwiko ukizunguka, ukipunguza mwendo, mpaka ukasimama. Kisha ukaanza tena. Mimi namjua. Alikuwa ameogopa, na mama yangu akiogopa huwa anapandisha bei.

"Mvua inakujanga saa tisa," akasema. "Unataka nikae na shimo?"

"Nitaweka katoni."

"Katoni haipitishi mwanga. Nipikie gizani kama mwizi?"

"Basi nitakununulia kioo."

"Kwanza kioo, halafu picha."

"Mama, ni kichwa changu."

"Na nani amekaa nacho miaka hii yote?"

Nikapima dirisha kwa kamba, nikapima tena, nikaenda sokoni Khayega. Muuza vioo akataka bei ya mjini. Nikamwambia mimi ni wa hapa, akasema kioo si cha hapa. Kwa mara ya kwanza maishani sikubishana. Hilo ndilo lililonionyesha ukubwa wa hofu yangu. Nilitoa pesa, nikapokea kioo, nikapanda pikipiki nimekikumbatia kama mtoto mchanga, na dereva akaenda polepole mpaka akapitwa na baiskeli ya mzee mwenye majani ya ng'ombe.

Fundi wa kukiweka alikuwa matangani, akasema atakuja kesho. Mama akakikagua kioo, akakigonga kwa ukucha, akaruhusu katoni kwa usiku mmoja. Akang'oa misumari mwenyewe, mmoja mmoja, akiiweka mdomoni. Picha ilipotoka na katoni ikakaa mahali pake, jiko likawa giza.

"Nimekukopesha," akasema kupitia misumari. "Sikukupa."

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa kituo kabla ya msichana wa malipo. Daktari wa miwani ya kamba alipoiona picha, alipitisha kidole kwenye matundu ya misumari, akakinusa.

"Inanuka moshi."

"Imekuwa jikoni."

Akaibandika kwenye ubao wa mwanga. Upande mmoja ulikuwa umefifia kwa jua na kuna doa la mafuta juu ya jicho langu la kulia, lakini mifupa ni myeupe, na weupe wake ulikuwa umevumilia. Akatafuta safu za chini, vile vipande vya nyuma ya masikio. Mimi nikasimama. Nilikataa kiti kwa makusudi.

Shuu yangu sasa niliisikia hata nikiwa wima. Daktari akachukua rula, akapima kulia, akapima kushoto. Kisha, na hapa nilimpenda, akapima tena.

"Njoo uone. Hapa kulia, mfereji mpana. Hapa kushoto, karibu haupo. Na tundu lake la kutokea, kulia kama kifungo cha koti, kushoto kama kifungo cha shati. Hii ni kabla hujaanza kuumwa kichwa, kabla ya hizo dawa. Ukiunganisha na picha za jana, hakuna kilichoziba. Ulizaliwa hivi."

"Kwa hiyo visu?"

"Visu gani?"

"Naweza kuchinja?"

"Mama, unaweza kuchinja mpaka uchoke."

Nilikaa sasa. Miguu ilikaa, mimi nikaifuata. Akanieleza kwamba upande wa kulia unabeba mzigo wa pande zote mbili, ndiyo maana nausikia ukipita karibu na sikio, na kwamba atamwandikia daktari wangu. Daktari wangu, kwa upande wake, alibadilisha dawa ya uzazi, kisha akagundua kinacholea yale maumivu: vile vidonge vya dukani, asubuhi na jioni, vilivyokuwa vikikiamsha kichwa ili kije kula. Niliviacha. Siku za kwanza zilikuwa mbaya, nikawafokea wateja na hata kuku. Baadaye kichwa kikachoka kuja. Shuu bado ipo. Nimeizoea kama mpangaji anayelipa.

Nilipoondoka kituoni yule daktari aliniita tena. "Hii picha usiipoteze. Kila utakapopigwa picha ya kichwa mahali pengine, mtu ataona kushoto hakuna kitu, ataogopa, na atakuogopesha. Iweke ndani ya bahasha, mbali na jua." Akanusa tena kidole chake. "Na mbali na moshi."

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, maana ile picha ilikuwa ya mkopo.

Nilienda Khayega na jogoo mzuri wa shukrani, na sahani ya kompyuta niliyopewa kituoni, yenye picha mpya. Mama alimpokea jogoo bila maneno. Sahani aliigeuzageuza.

"Hii inaonyesha nini?"

"Mishipa yangu yote."

"Naona uso yangu tu."

Nikamwonyesha kwenye simu, nilikokuwa nimepiga picha ya ile skrini. Akasema hiyo ni mizizi, kichwa kiko wapi. Kisha nikamweleza matokeo, kwa furaha, kwamba hakuna kilichoziba, ni mshipa tu ambao ulikuwa mdogo tangu kuzaliwa.

Mwiko ukasimama.

"Nani amesema nilikuzaa na upungufu?"

"Daktari."

"Alikuwepo?"

"Mama, ni kawaida. Watu wengi wako hivyo."

"Wewe ulizaliwa mzito. Mkunga alikupima, hakuamini, akakupima tena."

Nikaona nafasi, na mtu wa biashara haachi nafasi. Nikamwambia kama bidhaa imetoka na mshipa pungufu, basi kwa haki gharama za ukaguzi zingerudi kwa aliyeitengeneza, au angalau nusu, yaani majogoo wanane na kuku mmoja. Akauweka mwiko chini. Akasema sawa, atalipa, tukishatoa kwanza ada ya kunihifadhi miezi tisa, na ada ya kichwa changu kukaa dirishani kwake miaka yote hiyo bila kodi. Nikajumlisha. Nikajumlisha tena. Nilikuwa nadaiwa.

"Sasa picha iko wapi?" akauliza.

"Iko kwangu, kwenye bahasha. Kioo si unacho?"

Kioo kilikuwa pale, kimeegemea ukuta, na dirishani bado kulikuwa na katoni. Fundi alikuwa amekuja, akarudishwa.

"Kioo haina mtu," mama akasema, akirudi kwenye sufuria. "Ile nakusalimianga asubuhi. Ukiwa Mumias, ukiwa wapi, nawasha moto, nakusalimia, unakuwa hapo. Wewe mwenyewe unakujanga mara ngapi?"

Hiyo hesabu sikuifanya hata mara moja.

Basi ndiyo maana nawauliza ninyi mnaosoma. Daktari anataka picha ikae kwenye bahasha. Mama anataka mali yake irudi dirishani, na ananikumbusha kwa simu kila mvua ikinyesha, na mvua ya Kakamega mnaijua. Ile ya zamani nimeipiga kwa simu, nikamchapishia kwenye karatasi ya kawaida, amewashia moto. Nimeuliza kituoni bei ya kuchapisha ile picha ya zamani kwenye karatasi kama ile ile, msichana wa malipo akanitajia majogoo watatu na hashuki. Kama kuna mtu aliyewahi kumpunguzia mama yake bei, aniambie alianzia wapi. Kama hayupo, aniambie basi kama majogoo watatu ni haki, au nijaribu wawili na kuku wa mayai.